Saba Nukta Mbili

Waliozoea kwenda bwawa la manispaa enzi hizo wanawakumbuka wale wasichana wawili wa mchezo wa kuogelea kwa muziki kama kitu kimoja. Vimo sawa, miguu sawa, vibanio puani, nywele zimepakwa jelatini iliyokorogwa kwa maji ya moto hadi zikawa ngumu kama kofia ya pikipiki. Walitembea ukingoni hatua kwa hatua, wamevaa tabasamu moja, kisha muziki ukaanza na wao wakazama. Baada ya hapo watazamaji waliguna kwa mshangao. Miguu minne ilichomoza pamoja, ikajikunja pamoja, ikapotea pamoja. Na kule chini, mahali ambapo hakuna anayeona, mikono minne ilikuwa ikipiga maji kama inapambana na mwizi.

Magazeti yaliwaita mapacha. Hawakuwa mapacha, wala hawakuwa ndugu. Mmoja alikuwa binti wa mpiga chapa, mwingine binti wa muuza viatu, na walikutana wakiwa na miaka kumi na miwili kwa sababu tu kocha wao, mama mmoja mkali wa sauti, alipima mapaja ya wasichana wote wa klabu kwa utepe wa fundi cherehani akakuta ya hawa wawili hayapishani hata nusu sentimita.

Kocha huyohuyo ndiye aliyewapa majina. Binti wa mpiga chapa aliingia majini kichwa chini bila kurusha hata tone, basi akawa Sindano. Binti wa muuza viatu alikuwa na kipaji cha aina yake: ukimwonyesha jambo mara moja, atalifanya vilevile ulivyolifanya wewe, kwa wakati uleule, mpaka pembe ya kidole gumba. Kocha akamwita Kivuli. Alisema ni sifa. Alirudia mara nyingi kwamba ni sifa, na labda ndiyo sababu yule msichana hakuamini.

Kuna jambo moja ambalo watu watatu tu walipaswa kulijua, na hata hao watatu hawakulijua sawasawa. Sindano alikuwa anawahi. Si sana, ni kiasi cha kope kupepesa. Muziki ukisema moja, mkono wake ulikuwa umeshainuka. Mtu akiogelea peke yake anaweza kuficha kosa kama hilo, lakini wakiwa wawili, mmoja akiuwahi mdundo na mwingine akiufuata, hata mtoto wa jukwaani ataona kwamba mambo hayaendi. Kivuli alimlalamikia kocha katika mwezi wa kwanza tu.

"Usimwambie," kocha alimjibu. "Ukimwambia ataanza kujifikiria, na akijifikiria atazama kama tofali. Mwache awahi. Wewe wahi naye."

"Kwa hiyo nikosee makusudi?"

"Ukosee pamoja naye, mwanangu. Mkikosea pamoja halitakuwa kosa."

Basi Kivuli akajifunza kukosea. Aligundua kwamba kabla Sindano hajainua mkono, bega lake la kushoto hutikisika kidogo, kama mtu anayefukuza nzi bila kutaka kuonekana. Alilisoma bega hilo kwa miaka kumi na moja. Alilisoma ndani ya maji macho yakimuwasha kwa dawa ya bwawa, alilisoma kichwa kikiwa chini na damu ikimvuma masikioni, na waliposhinda ubingwa wa kanda mara ya kwanza, na tena mara ya pili, majaji waliandika kwamba hawajapata kuona wawili waendao sambamba namna ile. Kesho yake gazeti likatoa picha kubwa ya ukurasa wa mbele: Sindano anacheka, maji yanamtiririka, medali mkononi. Upande wa kulia wa picha lilionekana sikio la Kivuli.

"Angalau ni sikio zuri," baba yake, muuza viatu, alimtania.

Na kila mwaka ilikuwa hivyo. Sikio, bega, nusu ya shavu. Kivuli alicheka na wenzake, akasema sikio lake litakuja kuombwa sahihi mitaani, lakini usiku huohuo alizikata picha zile na kuziweka kwenye bahasha, na hakuwa akizikata kwa mapenzi.

Wakiwa na miaka ishirini na mitatu, bega lake likaachia. Bega lake yeye, la kulia, siku ya mazoezi ya kawaida, wakiwa wanarudia mruko waliourudia mara elfu. Daktari alisema apumzike miezi sita. Klabu haikuweza kusubiri miezi sita. Ubingwa wa taifa ulikuwa karibu, na kocha akamwingiza Sindano kwenye mashindano ya mtu mmoja mmoja, eti asije akakaa bure. Sindano alikwenda akashika nafasi ya tatu. Miezi mitatu baadaye alikwenda kwingine akashika ya kwanza. Gazeti likaandika kwa herufi nene: SINDANO HAIHITAJI UZI.

Kivuli aliisoma habari hiyo akiwa jikoni kwa mama yake, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa, akaisoma tena tangu mwanzo.

Bega lilipona mwezi wa saba. Alilipima mwenyewe, akalizungusha, akainua ndoo ya maji, akainua ndoo mbili. Kisha kocha alipopiga simu kuuliza hali, Kivuli akasikia mdomo wake ukisema, "Bado linauma, Kocha. Daktari anasema tusubiri."

Hakuwa amepanga kusema uongo. Ila alitaka kitu kimoja, kimoja tu: Sindano mwenyewe aje. Agonge mlango, akae kwenye kile kiti cha jikoni kilicholegea, aseme, "Mwenzangu, siwezi bila wewe." Angemwacha aseme mara mbili, ya tatu angekubali. Alisubiri mwezi, akasubiri mwingine. Kila pikipiki iliyosimama nje alichungulia dirishani. Sindano hakuja. Kufika mwisho wa mwaka uongo ulikuwa umekomaa, huwezi tena kuurudisha ulikotoka, na kila mtu mjini alijua kwamba yule mwenzake Sindano, maskini, bega lake lilikufa.

Kivuli akaenda kusomea ufundi wa meno ya bandia. Kazi ikamkubali, maana ni kazi ya mtu anayejua kufananisha: meno ya juu yakutane na ya chini, rangi ya jino jipya ilingane na ya majirani zake, ufizi wa bandia usitofautiane na ule wa Mungu. Akaolewa na fundi wa lifti, mtu mpole, mwenye utani mkavu. Wakapata binti. Maisha hayakuwa mabaya hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi, kwa sababu hakuwa na pa kuutundikia wivu wake.

Maana Sindano hakuachi upumue. Akawa bingwa wa taifa, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Akaenda mashindano ya dunia akarudi na medali ya shaba, akapokewa na bendi. Kisha kampuni ya dawa ya meno ikamchukua kwa matangazo, ikachapisha kalenda, ikazigawa bure kwenye kliniki na karakana zote za meno. Kwa hiyo mwaka mzima, miezi kumi na miwili, Kivuli aliketi kwenye benchi lake kati ya plasta na nta, akichonga magego ya wazee, huku Sindano akimtabasamia kutoka ukutani kwa meno thelathini na mawili.

"Huyu si ndiye uliyekuwa ukiogelea naye?" mkuu wa karakana alimuuliza siku moja.

"Ndiye."

"Ana meno mazuri."

"Jino la tatu kushoto limesogea," Kivuli alisema bila kuinua kichwa. "Wamelisahihisha kwenye picha."

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu binti yake, alipofika miaka saba, alimpenda Sindano kwa mapenzi ya kichaa. Alimwita mama mkubwa bila kuwahi kumwona ana kwa ana. Alijifungia bafuni akining'iniza miguu nje ya beseni. "Mama, ulimjua kweli? Alikuwa anakula nini? Alikuwa anaogopa?" Hata siku moja mtoto hakuuliza mama yake alikuwa akila nini.

Kivuli alijikaza kisabuni. Tangu mtoto akiwa mchanga alikuwa amesomea ujaji wa mchezo uleule, akafaulu mtihani kwa alama za juu kuliko wote, na akawa jaji anayeheshimika, hasa kwa jambo moja: hakuna aliyekuwa na jicho kama lake kwenye mdundo. Mwogeleaji akikosea kwa nukta, wengine wakibishana, yeye alikuwa ameshaandika. Alipopangiwa mashindano ya Sindano, kwa miaka kadhaa aliomba udhuru. Mara mtoto anaumwa, mara kazi zimejaa. Lakini mwaka ule Sindano alipofika miaka thelathini na mitatu akatangaza kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho, Kivuli hakuomba udhuru. Alitaka kumwona akimaliza. Kwenye fomu kulikuwa na swali: je, jaji ana uhusiano wowote na mshindani? Akaandika "Hapana." Walikuwa hawajaongea miaka kumi, zaidi ya kusalimiana kwa kichwa kwenye korido.

Fainali ilikuwa Jumapili mchana. Majaji watano walikaa kwenye viti virefu kandokando ya bwawa, kila mmoja na vitufe vyake vya kuingizia alama. Kivuli alikuwa kiti namba tatu, katikati. Utaratibu wenyewe ni rahisi: majaji watano wanatoa alama hadi kumi, ya juu kabisa inafutwa, ya chini kabisa inafutwa, zinazobaki tatu zinajumlishwa. Umewekwa hivyo ili jaji mmoja mwenye chuki au mwenye mapenzi asiweze kuharibu mambo. Kivuli aliujua utaratibu huo kama anavyojua jina lake, na mbele yake hakukuwa na kitu cha kumzuia kuukumbuka.

Sindano akatoka. Alikuwa amekonda shingo, na alipopita chini ya taa Kivuli aliona mikunjo miwili kwenye pembe za mdomo. Ikampa raha. Raha ndogo, ya aibu, lakini aliishika.

Muziki ulipoanza, Kivuli hakuangalia miguu. Aliangalia bega la kushoto, akasubiri litikisike.

Halikutikisika.

Sindano aliinua mkono, na mkono ukafika juu pamoja na ngoma, si kabla, si baada. Akazama, akapanda hadi kiunoni kana kwamba chini kuna mtu anamsukuma, akazunguka, akajilaza, akakunja goti, na kila mara mdundo ulimkuta palepale ulipotarajiwa kumkuta. Kwa dakika mbili na nusu yule mwanamke aliogelea vizuri kuliko siku yoyote ile waliyoogelea wawili.

Na hicho ndicho kilichomchoma Kivuli. Angekuwa mbaya angemhurumia. Angekuwa anawahi kama zamani, angemsamehe hata kalenda. Lakini kosa lile alilolibeba yeye mgongoni miaka kumi na moja, kosa lililomfanya awe sikio kwenye picha, mtu mwingine alikuwa amemponya nalo, likapita kama mafua. Ni nani aliyemfundisha? Kwa maneno gani? Na lini? Kama lilikuwa la kutibika, yeye Kivuli alikuwa wa nini?

Muziki ukaisha. Watu wakasimama. Kivuli akainama kwenye vitufe vyake, na kidole chake kikaandika saba, nukta, mbili.

Kwenye ubao zikawaka: tisa nukta tatu, tisa nukta moja, saba nukta mbili, tisa nukta nne, tisa nukta mbili. Jukwaa likazomea. Kabla kuzomea hakujamalizika, ile tisa nukta nne na ile saba nukta mbili zikageuka kijivu, zikafutika, na jumla ikatoka, kubwa, ya ubingwa. Kuzomea kukageuka vigelegele. Mkono wa Kivuli ulikuwa bado juu ya vitufe. Alikuwa amefanya jambo baya kuliko yote aliyowahi kufanya kwenye kazi ile, na halikuwa limemnyima Sindano ubingwa.

Jioni, mumewe alikuwa amekaa na binti yao sebuleni wakirudia kutazama kwenye televisheni.

"Hebu tazama huyu jaji namba tatu," mumewe alisema alipomsikia akiingia. Picha za televisheni hazikuwa zimeonyesha nyuso za majaji. "Saba! Huyu alikuwa amelewa, au alikuwa amekaa kinyume na bwawa?"

"Ni mchawi," binti yao alisema.

Kivuli alivua viatu, akavipanga. "Namba tatu ni mimi."

Mumewe alichukua kidhibiti, akazima televisheni. Akamtuma mtoto akaoge, na mtoto alienda akigeuka nyuma mara tatu, akimtazama mama yake kwa macho ambayo Kivuli hakuwahi kuyaona kwake.

"Mimi lifti ikikwama," mumewe alisema, "huwa najua imekwama ghorofa ya ngapi. Wewe sijui uko wapi."

"Nipo tu."

"Haya. Ukijua uniambie."

Barua kutoka kamati ya majaji ilifika siku ya nne. Alitakiwa aeleze kwa maandishi tofauti ya alama mbili nzima kati yake na wenzake. Akaeleza, tena kwa lugha ya kitaalamu, ukurasa na nusu, kwamba mwogeleaji aliuwahi mdundo katika sehemu nyingi za onyesho. Alipokuwa akiandika alikaribia kuamini. Wangebishana na nani? Jicho lake ndilo lililosifiwa nchi nzima.

Kamati ilikaa kwenye chumba kidogo juu ya ofisi za chama, chenye meza ndefu iliyokwanguka na feni inayolia. Walikuwa wanne. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa makamo aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani.

"Maelezo yako tumeyasoma, mama," alisema. "Yamepangika. Sasa tusaidie kitu kidogo. Tutaiweka ile video bila muziki. Wewe unaikumbuka ngoma?"

"Naikumbuka."

"Basi tugongee mdundo mezani kwa penseli. Pale anapowahi tutaona sote. Baadaye tutairudisha sauti tuhakiki."

Video ikaanza, kimya. Sindano akainua mkono. Kivuli alikuwa na penseli mkononi, na alijua kinachohitajika: achelewe tu. Achelewe kidogo, kope ipepese, na yule mwanamke kwenye skrini ataonekana amewahi. Wakirudisha sauti ataweza kudai video ina kasoro, au mtambo, au chochote kile. Alijaribu. Mungu ni shahidi, alijaribu. Mkono wake ukakataa. Penseli iligonga meza pamoja na kila mkono, kila goti, kila mzamo, ta, ta, ta, haikukosa hata moja, na kadiri alivyojaribu kuizuia ndivyo ilivyozidi kuwa sahihi. Mmoja wa wajumbe alianza kutikisa kichwa kwa kufuata.

Dakika ya kwanza haikuwa imeisha alipoiweka chini.

"Hawahi," alisema. "Yuko sawasawa."

Mwenyekiti alisimamisha video.

"Sasa saba nukta mbili ilitoka wapi?" mwenyekiti aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali.

"Ni wivu, mama."

Mjumbe aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliinua kalamu. "Tuandike nini hapo, mwenyekiti? Hakuna kifungu."

"Andikeni hivyohivyo alivyosema," Kivuli akajibu.

Wakamsimamisha miaka miwili. Tangazo lingebandikwa kwenye ubao wa chama na kupelekwa kwa klabu zote siku ya Ijumaa. Kivuli aliona ni aibu Sindano alisome ukutani kama wapita njia, kwa hiyo Jumatano asubuhi aliomba ruhusa karakana, akapiga moyo konde, akaenda bwawa la manispaa.

Alimkuta chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi la mbao, taulo mabegani, anajikuna jelatini kichwani kwa kitana. Alipomwona aliacha kujikuna.

"Eh. Kivuli."

"Habari za siku nyingi."

"Nzuri. Karibu, hapo pamelowa, kaa huku."

Kivuli hakukaa. "Nimekuja kwa sababu ya ile saba. Nilitaka uisikie kutoka kwangu."

"Saba gani?"

"Ile alama. Ya fainali."

Sindano alimtazama, kisha akaanza kucheka. "Ile ilikuwa yako? Mimi nilidhani ni ya yule mzee anayesinzia! Watu walizomea nikafikiri mtu ameanguka jukwaani. Sikuangalia kabisa, mimi huwa naangalia jumla tu."

Huo ulikuwa msumari. Kivuli alikuwa amekesha siku kumi akiufikiria uso wa Sindano alipoiona ile alama: ameshtuka, ameumia, anageuza macho kuutafuta uso wake. Kumbe hata hakuiona.

"Wamenisimamisha miaka miwili," alisema.

Kicheko kikakoma. "Kwa nini uliitoa?"

"Nilikuonea wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa yote. Umeogelea kwa mdundo. Kwangu ulikuwa unawahi. Miaka kumi na moja unawahi, na mimi nawahi na wewe ili usionekane. Leo umepona, na mimi sikuambiwa."

Sindano aliteremsha kitana taratibu. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

"Mimi nimelijua nikiwa na miaka ishirini na saba," Sindano alisema. "Nilipokwenda dunia mara ya kwanza, majaji wa kule walinikata kila mara, na mimi sielewi ninakatwa nini. Ndipo kocha mpya akaniambia. Miaka minne nimefanya mazoezi na saa ya kugonga mdundo imefungwa sikioni, nalia majini kama mtoto. Miaka minne! Ungeniambia nikiwa na miaka kumi na miwili ingechukua wiki mbili."

"Kocha alisema nisikwambie."

"Kocha alikuwa anatafuta medali. Wewe ulikuwa mwenzangu."

Kwa miaka yote hiyo Kivuli alikuwa ameitunza hesabu moja tu, kwamba yeye alitoa na mwenzake akapokea. Hakuwahi kufikiri kwamba aliyepokea angeweza kuja kumshtaki kwa kile alichopewa.

"Na bega langu lilipona," alisema ghafla, kama mtu anayemwaga ndoo yote. "Mwezi wa saba. Nilidanganya. Nilitaka uje unibembeleze."

"Nilikuja."

"Hukuja."

"Nilikuja mwezi wa nane, kwa miguu. Nikafika uani kwenu nikakuona unaanika mablanketi ya mama yako kwenye kamba, mikono yote juu, unaimba. Mablanketi, dada, yamelowa maji! Mtu wa bega bovu!" Akatupa kitana benchini. "Nikasema, kumbe amenichoka tu. Ametafuta sababu nzuri ya kuniacha. Nikageuka nikaondoka. Nikalia njia nzima, halafu nikasema siji tena."

"Ungeingia tu."

"Niingie nikwambie nini? Wewe ndiye uliyekuwa mwongo, mimi ndiye nikubembeleze?"

Msichana mmoja wa klabu alisukuma mlango, akawaona, akarudi nje. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bomba la mwisho.

"Sina hasira na ile saba," Sindano alisema hatimaye. Alisimama akageuka kuelekea kabati lake. "Ile haikunifanya kitu. Hayo mengine sijui. Sasa nenda, nataka kubadili nguo."

Walikuwa wamebadili nguo mmoja mbele ya mwenzake mara ngapi, miaka kumi na moja? Kivuli alitoka.

Siku hiyo alimweleza mumewe yote, tangu mwanzo, mpaka ndoo mbili za maji. Mumewe alisikiliza bila utani. Mwisho alisema tu, "Ilikuwa ghorofa ya chini kabisa, basi," akaenda kumtengea chai. Kwa binti yao ilikuwa kazi zaidi. Mtoto alitaka kujua kama mama ataomba msamaha, akaambiwa mama ameshakwenda kukiri kosa, akauliza kama amesamehewa. "Sijui," Kivuli alisema, na mtoto akaona hilo ni jibu la ovyo, naye hakukosea.

Miezi miwili baadaye ikaja kadi. Sindano alikuwa anaagwa rasmi, ukumbi wa chama, Jumamosi saa nane mchana, yeye na familia yake wanakaribishwa. Ilikuwa kadi ya kuchapwa kama za wengine wote, haina neno la mkono. Kivuli aliigeuza nyuma mara mbili kuhakikisha.

Walikwenda watatu. Ukumbi ulijaa, puto zimefungwa kwenye viti, kocha wa zamani, sasa mzee wa magongo, amewekwa mbele. Binti wa Kivuli alipata kumshika mkono Sindano na kuulizwa darasa la ngapi, akarudi kitini akiwa haoni wala hasikii, na Kivuli alipomwona vile, wivu ukamuuma palepale, ukiwa mbichi kana kwamba hakuna lililotokea. Aliutambua. Hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Kisha Sindano akasimama kutoa shukrani. Akamshukuru marehemu baba yake, mpiga chapa. Akamshukuru mama yake. Akamshukuru kocha wa kwanza, kocha wa pili, daktari, na yule kijana wa kumkanda misuli. Kivuli alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya meza, hakuweza kujizuia.

"Na mwenzangu niliyeanza naye," Sindano alisema, akamtaja kwa jina lake la kwao, lile la kuzaliwa, ambalo watu wengi mle ndani hawakuwahi kulisikia. "Tulipokuwa wawili hakuna aliyetuweza. Yuko pale nyuma. Simama wakuone."

Wa saba. Baada ya mkanda misuli! Damu ilimpanda Kivuli mpaka masikioni. Akasimama, watu wakageuza viti kumtazama uso, wakapiga makofi, na binti yake akapiga kuliko wote. Alipokaa, Sindano alikuwa ameshaendelea kumshukuru dereva wa basi la klabu.

"Mkanda misuli," alimnong'oneza mumewe. "Amemtanguliza mkanda misuli."

"Nimesikia."

Hotuba ikaisha, ukumbi mzima ukasimama, na Kivuli naye akasimama, akampigia Sindano makofi mpaka viganja vikamuwasha.